Jinsi ya kununua fonti, violezo na modeli za 3D mtandaoni na bado ubaki na faida

Dizaina wa kadi za harusi, mabango ya maduka na lebo za bidhaa hakosi vitu vya kununua. Maduka ya mtandaoni yamejaa fonti, brashi, violezo, mokapu (picha za kuonyeshea dizaini juu ya bidhaa), picha na modeli za 3D, na karibu kila kitu kina bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari na bei mpya pembeni yake. Shida inaanzia kwenye hesabu. Tuseme dola moja ni shilingi 2,600 za Tanzania. Fonti ya dola 29 inakuwa shilingi 75,400. Kama lebo ya chupa ya asali umeifanya kwa shilingi 120,000, fonti moja imekula zaidi ya nusu ya malipo kabla hujahesabu umeme, bando na usiku uliokesha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi hizo, awe Dar, Mombasa, Kampala au Bukavu, anayetaka kuwalipa wachoraji wenzake haki yao na bado abaki na chochote mfukoni. Jambo moja linashika hatua zote zinazofuata: unapolipa katika maduka haya, unalipia ruhusa ya kutumia kazi ya mtu mwingine kwa namna fulani. Faili lenyewe ni rahisi kulipata. Ruhusa inayolingana na kazi uliyonayo ndiyo yenye bei, na anayejua kuisoma ruhusa hiyo hutumia pesa kidogo kuliko anayewinda punguzo mwaka mzima.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kufungua duka

Chukua daftari, uandike kazi zilizopo mezani na zile unazozitegemea ndani ya miezi mitatu. Kando ya kila kazi andika kitu kinachokosekana, kwa maelezo ya kutosha. Ukiandika "fonti nzuri" utazunguka dukani hadi alfajiri. Ukiandika "fonti ya mwandiko, ya majina ya bwana na bibi harusi, isomeke kwenye skrini ya simu" utakuwa umeshakataa fonti tisa katika kila kumi kabla hujazifungua.

Kisha ongeza safu ya pili: kazi hiyo itaishia wapi? Itachapwa kwenye karatasi, itatumwa WhatsApp, itawekwa kwenye tovuti, itaingia ndani ya programu ya simu, au itachapwa kwenye fulana za kuuza? Na ya tatu: nembo au mchoro huo ukikamilika utakuwa wa nani, wako au wa mteja? Safu hizi mbili ndizo zitakazoamua leseni, kwa hiyo usiziruke hata kama kazi ni ndogo.

Kabla ya kusonga mbele, pekua kompyuta yako. Watu wengi wana folda za vitu walivyovipakua bure wakati wa ofa na hawajawahi kuvifungua.

Hatua ya 2: Maliza kwanza vya bure vyenye leseni safi

Bure ziko za aina nyingi, na nyingine ni mtego. Ninazozitaja hapa ni zile ambazo mwenye kazi mwenyewe ameandika wazi kwamba unaruhusiwa kuzitumia katika kazi ya kulipwa.

Kwa fonti, anza na Google Fonts. Ina familia zaidi ya 1,500, na nyingi kati yake ziko chini ya leseni ya OFL iliyoandaliwa na shirika la SIL. Leseni hiyo inakuruhusu kutumia fonti kwa biashara, kuichapa, kuiweka kwenye tovuti, hata kumpa mteja faili lake. Inachokataza ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. SIL wenyewe wanatoa fonti ambazo sisi tunapaswa kuzijua zaidi: Charis, Gentium, na Andika, ambayo ilichorwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza kusoma. Mwenye kazi ya kitabu cha watoto au bango la kliniki akianza na Andika hatajuta.

Kwa teksicha (picha za kuvika nyuso za modeli), mianga ya HDRI (picha za kuangazia mandhari ya 3D) na modeli za 3D, nenda tovuti ya Poly Haven, iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini. Mwaka 2021 iliunganisha tovuti tatu, ya HDRI, ya teksicha na ya modeli, na kila kitu kimo chini ya CC0, yaani ruhusa kamili ya kukitumia bila masharti. Huhitaji hata kufungua akaunti. ambientCG nayo inatoa teksicha kwa CC0. Anayetengeneza gemu ana Kenney, mchoraji wa Uholanzi ambaye ametoa maelfu ya vipande vya gemu kwa CC0, na ana Mixamo ya Adobe kwa wahusika na miondoko yao. Programu za kuvifanyia kazi vitu hivi nazo ziko bure: Blender kwa 3D, Krita kwa kuchora, Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha.

Picha za watu ni suala la pekee. Ukitafuta "familia" kwenye tovuti za picha za bure, nyuso nyingi zitakazokuja hazifanani na za wateja wako. Nappy ilianzishwa kwa sababu hiyo hasa: inakusanya picha za watu weusi na wa rangi nyingine zenye ubora wa juu, na inazitoa bure kwa matumizi ya biashara.

Na kuna hazina ambayo madizaina wa kwetu wanaipita bila kuiona: makumbusho. Metropolitan Museum ya New York ilifungulia umma zaidi ya picha 375,000 za kazi zake kwa CC0 mwaka 2017. Smithsonian ilifuata mwaka 2020 na picha milioni 2.8. Humo mna nguo, vitabu vya kale, michoro ya mimea na ndege, nakshi za mbao na vyombo vya udongo. Mchoro wa mmea wa karne ya 19 ukisafishwa vizuri unafaa kwenye lebo ya asali au chai kuliko violezo vingi vya kununua, na hakuna mshindani wako atakayekuwa nao.

Wengi wakimaliza hatua hii kwa uaminifu watakuta orodha ya Hatua ya 1 imebaki na vitu viwili au vitatu. Hivyo ndivyo vya kununua.

Hatua ya 3: Soma leseni kama unavyosoma mkataba wa nyumba

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa. Fungua ukurasa wa leseni kabla hujabonyeza kitufe cha kununua, utafute majibu ya maswali yafuatayo.

*Ni kwa matumizi binafsi tu?* Maneno "personal use" au "demo" kwenye fonti yanamaanisha huwezi kuitumia kwenye kazi ya kulipwa, hata kama ulilipwa shilingi elfu tano. Fonti nyingi za mwandiko zinazopendwa kwenye kadi za harusi ziko hivyo kwenye tovuti za fonti za bure: toleo la majaribio linatolewa, lenye herufi pungufu wakati mwingine, na leseni ya biashara inauzwa kwingine. Mwandikie mchoraji wake. Wengi ni watu binafsi wanaofanya kazi nyumbani kama wewe, na wapo wanaokubali kupunguza bei kwa mtu aliyeomba kwa heshima na kueleza kazi yake ni ndogo kiasi gani.

*Herufi za Creative Commons, leseni huria zinazotumika duniani kote, zinasemaje?* CC0 ni ruhusa kamili. CC BY inataka umtaje mchoraji. CC BY-SA inataka kazi uliyoijenga juu yake nayo uitoe kwa leseni ileile, jambo ambalo mteja mwenye nembo yake hatalikubali. CC BY-NC inakataza biashara, kwa hiyo iache kabisa katika kazi za wateja. Leseni ya bure ya Freepik, tovuti ya michoro na picha, inataka umtaje mwandaaji; kwenye kadi ya harusi hilo ni gumu kidogo, maana hakuna mama wa bibi harusi atakayekubali jina la tovuti chini ya jina la mwanawe. Katika hali hiyo tafuta kitu kingine au lipia.

*Fonti imepewa leseni ya aina gani?* Fonti za kuuzwa mara nyingi hugawanywa: leseni ya kompyuta kwa ajili ya kuchapa na kutengeneza picha, ya tovuti, ya kitabu cha kielektroniki, na ya programu ya simu. Kila moja ina bei yake. Kwa nembo, lebo, kadi na bango, ile ya kompyuta kwa kawaida inatosha. Duka likikuwekea zote nne kwenye kikapu, toa tatu. Kitu kingine: leseni yako haimruhusu mteja kupewa faili la fonti. Mpe nembo ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa maumbo, na akitaka kuandika mwenyewe kwa fonti hiyo, anunue leseni yake.

*Je, kitu kitachapwa kwenye bidhaa ya kuuzwa?* Fulana, vikombe, khanga, mifuko. Leseni nyingi za kawaida zinaweka kikomo cha nakala, au zinakataa kabisa mchoro kuwa ndiyo thamani yote ya bidhaa. Fulana yenye maneno yako na ua dogo la kununua pembeni huwa haina shida. Fulana yenye ua hilo peke yake kifuani inahitaji leseni pana zaidi, ambayo bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kawaida. Kwa kazi za namna hiyo ni nafuu kuchora ua lako.

*Je, ni nembo?* Usijenge nembo ya mteja kwa kipande cha maktaba ya Canva ukamwambia akaisajili kama alama ya biashara. Canva wenyewe wanaeleza kwamba vipande vya maktaba yao haviwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja, kwa kuwa kila mtumiaji ana haki ya kuvitumia. Nembo ichorwe.

*Kwa 3D, ni picha au ni gemu?* Modeli za Daz 3D, duka la wahusika na mavazi ya 3D, kwa kawaida zinakuruhusu kutengeneza na kuuza picha na video. Ukitaka kuiingiza modeli yenyewe ndani ya gemu, unalipia leseni nyingine iitwayo Interactive. Fab, duka la Epic Games lililofunguliwa Oktoba 2024, lina ngazi mbili za bei kwa bidhaa nyingi: ya watu binafsi na ya wataalamu. Ngazi ya chini ni ya yeyote ambaye mapato yake ya miezi 12 iliyopita hayajafika dola 100,000. Karibu kila msomaji wa mwongozo huu anastahili ile ya chini, na si udanganyifu kuichagua. Hakikisha tu umeichagua kabla ya kulipa.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua, wakati kuna magrupu ya Telegram yanayogawa kila kitu na flashi za fonti elfu kumi zinazouzwa mtaani. Nina majibu mawili. Sheria ya hakimiliki ipo na ina wasimamizi wake, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, na siku mteja wako akikua, akauza lebo yake nje ya nchi, barua ya madai itamfikia yeye, naye atakutafuta wewe. La pili linanigusa zaidi. Tunalalamika kila siku kazi zetu zikiibwa na kuchapwa upya na jirani mwenye printa. Aliyechora fonti ile naye ana kodi ya nyumba.

Hatua ya 4: Jaribu kwa maneno yako mwenyewe

Maduka mengi ya fonti yana kisanduku cha kuandikia maneno ya majaribio. Usiandike maneno ya Kiingereza yaliyowekwa hapo, maana mchoraji ameyachagua kwa sababu yanapendeza. Andika ya kwako.

Anza na ng'. Andika Ng'ambo, Wang'ombe, ming'aro. Fonti nyingi za mwandiko wa kuunganisha zinaacha pengo baya kabla na baada ya ritifaa (ile alama ya '), au zinaweka kijistari kilichonyooka ambacho hakifanani na herufi nyingine. Kisha andika majina yenye Mw, Nd na Mch pamoja, maana herufi kubwa ya madoido ikifuatwa na konsonanti mbili huweza kuzifunika. Andika tarehe kamili na namba ya simu, kwa sababu kadi ya mchango bila namba inayosomeka haina kazi. Andika 150,000/= uone kama alama ya mkwaju na ya usawa zimo, na kama zimo, zinafanana na tarakimu.

Mwenye wateja wa Kigikuyu au Kikamba ajaribu ĩ na ũ. Mwenye kazi za Kilingala ajaribu ɛ na ɔ. Fonti za bei rahisi mara nyingi hazina herufi hizi, na duka halitakuambia. Noto ya Google na zile za SIL zinazo.

Kwa modeli za 3D, angalia vitu vinne kwenye ukurasa wa bidhaa: aina ya faili, idadi ya poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo lake), ukubwa wa teksicha, na toleo la programu iliyotumika. Modeli yenye faili la FBX, OBJ au glTF itafunguka Blender. Modeli ya programu moja ya bei ghali peke yake ni hasara hata ikiwa dola mbili. Na kwa chochote kinachoonyeshwa kwa picha za kuvutia, tafuta picha ya mnunuzi kwenye maoni, si ya muuzaji.

Angalia pia kama bidhaa imetengenezwa na akili unde. Tangu Novemba 2024 itch.io, duka la gemu na vipande vyake, inawataka wauzaji wa vipande vya sanaa waeleze kama wametumia akili unde, na Fab nayo ina alama yake. Mimi sinunui vitu vya namna hiyo kwa kazi za wateja: Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshasema kwamba kazi iliyotengenezwa yote na mashine hailindwi na hakimiliki, kwa hiyo unalipia ruhusa ambayo anayeiuza huenda hana.

Hatua ya 5: Hesabu bei halisi

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Chukua kiolezo cha dola 18. Duka likiwa limejisajili kulipa VAT nchini kwako, kodi inaweza kuongezwa mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa malipo. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Kwa 18, dola zako zimekuwa 21.24. Kwa kiwango chetu cha mfano hiyo ni shilingi 55,224, badala ya 46,800 ulizozipiga kichwani. Bado benki au mtandao wa simu haujaweka kiwango chake cha kubadilisha fedha, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko kile unachokiona Google.

Ongeza bando. Teksicha za ukubwa wa 8K na HDRI kubwa zinaweza kufika mamia ya megabaiti kwa faili moja. Kwa picha ya kuwekwa Instagram, 2K inatosha, na Poly Haven inakupa nafasi ya kuchagua ukubwa kabla ya kupakua. Vitu vizito vipakue kwa bando la usiku.

Ukipata jumla, igawanye kwa idadi ya kazi zilizomo kwenye daftari lako ambazo kitu hicho kitatumika. Kipimo changu ni hiki: kitu kisichukue zaidi ya sehemu moja ya kumi ya malipo ya kazi zitakazokitumia. Lebo ya shilingi 120,000 inaruhusu shilingi 12,000, maana yake lebo hiyo itumie fonti ya bure. Kadi sita za harusi za shilingi 80,000 kila moja zinaruhusu 48,000, na hapo fonti nzuri ya mwandiko ya dola 15 inaingia bila kuumiza.

Kuna njia nyingine ambayo madizaina wengi wanaionea aibu: mteja alipe. Kwenye profoma weka mstari unaojitegemea, "leseni ya fonti", pamoja na bei yake, na umwonyeshe sampuli mbili, moja ya bure na moja ya kulipia. Atachagua. Akichagua ya kulipia, inunue baada ya kupokea malipo ya awali. Mwenye kiwanda cha mabati hatoi mabati bure kwa sababu fundi ni rafiki yake, na wewe huna sababu ya kubeba gharama ya malighafi ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Subiri punguzo, lakini kwa orodha mkononi

Weka vitu vyako viwili au vitatu kwenye orodha ya matamanio ya duka, kisha andika bei ya leo kwenye daftari. Bei hiyo uliyoiandika wewe ndiyo itakayokuambia kama punguzo ni la kweli. Alama ya asilimia 70 haina maana kama kitu hicho huwa na alama hiyo kila mwezi.

Msimu mkubwa kuliko yote ni mwisho wa Novemba, kuanzia ile Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Marekani hadi Jumatatu yake. Karibu maduka yote yanashusha bei, na kwa anayetengeneza kadi za harusi wakati huo umekaa vizuri, kwa kuwa harusi nyingi huangukia Desemba. Daz 3D ina msimu wake mrefu kila Machi. Unity Asset Store, duka la vipande vya gemu, huwa na punguzo la majira ya kuchipua, na kila wiki kuna mchapishaji mmoja ambaye bidhaa yake moja hutolewa bure kwa kuponi. Fab nayo hutoa vitu vichache bure kwa muda maalumu. Chukua vya bure vinavyohusiana na kazi zako hata kama hutavipakua leo. Vikishaingia kwenye akaunti yako vinabaki hapo, na bando hujalitumia.

Kwa 3D kuna ujanja mmoja wa halali unaookoa pesa nyingi: nunua kizazi kilichopita. Daz ilipotoa wahusika wa Genesis 9 mwaka 2022, vitu vingi vya Genesis 8 viliendelea kuuzwa, na mara nyingi kwa punguzo kubwa. Picha ya mwisho haimwambii mtazamaji ni kizazi gani. Lakini ukichagua kizazi, kaa nacho: nguo, nywele na mikao vyote vinunuliwe vya kizazi hichohicho. Kuchanganya vizazi kunawezekana, ila utatumia saa nyingi kurekebisha, na saa zako zina bei.

Jihadhari na punguzo la sharti, lile la "nunua kipya kimoja upate vya zamani kwa nusu bei". Kama kipya hicho hakimo kwenye daftari, punguzo hilo ni la duka.

Ukikosa punguzo na kazi inatakiwa wiki hii, nunua kwa bei kamili na umtoze mteja.

Hatua ya 7: Vifurushi na usajili

Kifurushi cha fonti mia kadhaa kwa dola 29 kinaonekana kama zawadi. Hesabu zile ambazo ungezichagua hata zingeuzwa moja moja. Zikiwa tatu au zaidi, nunua. Zikiwa moja, nunua hiyo moja kwa mchoraji wake. Vifurushi vya Humble Bundle ni vizuri kwa wanaotengeneza gemu: vina ngazi, vinadumu kwa muda mfupi, na sehemu ya pesa huenda kwa mashirika ya hisani. Mara nyingi ngazi ya chini ina kile unachokitaka, kwa hiyo soma orodha ya kila ngazi. itch.io nayo huwa na vifurushi vya wachoraji wadogo, na kile cha Juni 2020 cha kupigania haki za watu weusi Marekani kilikuwa na vitu zaidi ya 1,700 kwa kuanzia dola 5. Vitu vingi vya itch.io vinauzwa kwa bei unayoipanga mwenyewe. Usilipe sifuri kama kazi yako italipwa. Hata dola mbili zinamfikia mchoraji mwenyewe.

Usajili wa kila mwezi, kama ule wa Envato, ni kukodi. Unapakua bila kikomo, na kazi ulizozimaliza ukiwa umelipia zinaendelea kuwa halali baada ya kuacha. Kazi mpya haziruhusiwi kutumia vitu ulivyovipakua zamani. Fonti za Adobe nazo huzimika kwenye kompyuta yako usajili wa Creative Cloud ukiisha. Kwa hiyo usajili utumie hivi: kusanya kazi nyingi ziende pamoja, lipia mwezi mmoja, sajili kila kitu kwa jina la mradi wake kama duka linavyotaka, maliza kazi, kisha zima malipo ya kujirudia. Yazime siku ileile uliyolipa. Kwa kawaida huduma inaendelea hadi mwezi uishe.

Hatua ya 8: Kulipa

Tumia kadi ya mtandaoni unayoiwekea kiasi kinachotosha ununuzi mmoja. Wakenya wana M-PESA GlobalPay, iliyozinduliwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, na Tanzania Vodacom ina kadi yake ya Visa ndani ya M-Pesa. Faida yake kubwa ni kwamba usajili uliosahau kuuzima utagonga kwenye kadi tupu.

Ukilipa kupitia PayPal, au duka likikuuliza unataka kulipa kwa dola au kwa shilingi, linganisha. Kiwango cha kubadilisha kinachowekwa na duka au PayPal kwa kawaida kina faida yao ndani yake. Chagua dola, kadi ibadilishe yenyewe, na uangalie ujumbe wa makato ujue kiwango chako halisi kwa safari ijayo.

Soma sharti la kurudishiwa pesa kabla ya kupakua. Katika maduka mengi, ukishapakua faili, haki hiyo inaisha. Na faili la fonti huishia na .otf au .ttf, ukifungua kifurushi ukakuta .exe, ambayo ni programu ya kuendeshwa kwenye kompyuta, futa chote.

Hatua ya 9: Hifadhi ruhusa pamoja na faili

Kila kilichonunuliwa kiwe na folda yake, na ndani yake mambo manne: faili lenyewe, risiti, nakala ya leseni kama ilivyosomeka siku hiyo, na anwani ya ukurasa wa bidhaa. Leseni ihifadhi kama PDF, kwa sababu maduka hubadilisha masharti na mengine huunganishwa au kufungwa. Masharti yanayokulinda kwa kawaida ni yale uliyonunulia. Folda ipe jina linaloanza na mwaka na jina la mchoraji, mfano 2025_jina-la-mchoraji_fonti-mwandiko_biashara, ili neno la mwisho likukumbushe aina ya leseni bila kufungua chochote. Vya matumizi binafsi viweke kwenye diski au folda tofauti kabisa na za kazi, visije vikaingia kwenye orodha ya fonti ukiwa na haraka.

Nakala moja ikae kwenye diski ya nje na nyingine mtandaoni. Kwenye faili la kila kazi ya mteja, weka karatasi moja inayotaja fonti, picha na modeli zilizotumika na leseni zake. Mteja akirudi mwakani akitaka lebo ileile kwa chupa kubwa, au mwanasheria wake akiuliza picha ya nyuki ilitoka wapi, utamtumia karatasi hiyo kwa WhatsApp na kuendelea na kazi.